Kitabu Kilichoishia Mlangoni

Kuna mlio mmoja ambao umekataa kunitoka masikioni: selotepu ikivutwa kutoka kwenye gurudumu lake, kraaak, halafu kimya kidogo, halafu mkasi. Ndio uliokuwa ukilia siku ile Rukia alipoingia maktabani peke yake mara ya kwanza. Miaka sita imepita. Nikiuvuta utepe huo leo, mkono unasita kidogo kabla ya kukata.

Mwanangu, usicheke nikikuita hivyo. Najua nina miaka ishirini na minane tu, na wengine wenu mmenipita urefu. Mwalimu mkuu ameniomba niwaandikie katika gazeti la shule vitabu ninavyovipenda kuhusu vijana wanaokua. Alitaka orodha fupi ya kuchangamsha, kwa sababu ananijua mimi ni mtu wa kucheka. Nimejaribu mara tatu. Kila nikianza, kinakuja kitabu kimoja mbele ya vingine vyote, na hicho siwezi kukitaja bila kusema nilichokifanya nacho.

Nilikuja shule hii kufagia. Masomo yangu yalikatika kidato cha pili, lakini kichwani nilikuwa tajiri ajabu. Nikitembea kutoka stendi ya mjini kupanda huku mtaa wa Hurlingham, njia nzima nilikuwa rubani, mwimbaji, mke wa balozi. Aliyenipa ufunguo wa maktaba ni Madam Pushpa, mwalimu mstaafu aliyekuwa akivaa sari na raba, na kila Jumamosi akienda mjini kuchagua vitabu vya mitumba kwa wauzaji wa barabarani. Alinikuta nimeegemea ufagio na kitabu mkononi.

"Mwende, unafagia ama unasoma?"

"Vyote, Madam."

"Sakafu inasema unasoma." Akacheka, na wiki iliyofuata akaanza kunifundisha kushona migongo ya vitabu.

Sheria yake kubwa ilikuwa ya wino mwekundu. Vitabu vyetu vingi vilikuwa vimepita mikono mingi kabla ya kutufikia, na vingine vilikuwa vimepoteza kurasa. Kitabu cha namna hiyo hakikutupwa. Ulitakiwa kuandika ndani ya jalada, kwa wino mwekundu, kurasa zipi hazipo, ndipo kiende rafuni. "Mtoto ajue anaingia wapi," Madam alikuwa akisema.

Sasa ninyi mnajua wanafunzi walivyo. Wakiona wino mwekundu walikuwa wakirudisha kitabu kama wamegusa mjusi. "Anti, hii haina mkia!" Ndivyo walivyoviita, vitabu visivyo na mkia. Mimi nilivihurumia vile vitabu. Nikaona haya, kitabu kizuri chenye kurasa mia mbili kikataliwe kwa sababu ya kumi zilizokosekana. Basi nikaacha kuandika. Mtu akirudi kulalamika kwamba hadithi imekatika, nilimketisha mbele ya meza nikamsimulia mwisho. Nilikuwa nautunga mwenyewe, papo hapo, nikibandika majalada. Katika miisho yangu hakufa mtu. Aliyepotea alipatikana, aliyefukuzwa shule alirudishwa na kupigiwa makofi. Wanafunzi walipenda sana. Nami nilijiona nimewafanyia wema, na sitaficha, nilijiona mwandishi kidogo.

Rukia alikuwa kidato cha pili. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa katikati ya jiji, watu wa pwani waliokaa Nairobi miaka mingi, na yeye alikuwa akichanganya Kiswahili cha mama yake na chetu hiki cha barabarani mpaka unashindwa umjibu kipi. Siku hiyo alisimama akiangalia selotepu.

"Niaje, Anti. Nataka story ya msichana kama mimi. Si ya wanyama wanaongea, na si ya mtihani."

"Kama wewe vipi? Mwenye domo?"

Kwa kawaida angenirudishia. Siku hiyo hakunirudishia. Akasema, "Mwenye mamake amelazwa."

Kitabu nilichokuwa nakibandika kilikuwa ndicho hasa. Kinamhusu msichana wa miaka kumi na tano katika mji mdogo wa milimani ambaye mama yake anaugua, na yeye anaanza kujifunza kila kitu kwa mara moja: kupika chakula cha watu watano, kumchana nywele mdogo wake, kuwajibu majirani wanaokuja kupeleleza wakijifanya wanasalimia. Sijasoma kitabu kingine kinachojua hivyo jinsi mtoto anavyogeuka mtu mzima bila mtu yeyote kumwuliza kama yuko tayari. Nilikipenda kwa moyo wote. Lakini kilikuwa hakina mkia. Kurasa za mwisho zilikuwa zimenyofolewa, na ya mwisho iliyobaki ilikuwa na msichana akipanda ngazi za hospitali na chupa ya uji, na iliishia katikati ya sentensi: "Alipofungua mlango wa wodi akamwona". Basi. Hapo ndipo mwisho wa karatasi.

Nilimpa bila kuandika neno ndani ya jalada.

Alirudi baada ya siku mbili, macho yamevimba, na kitabu amekikumbatia.

"Anti, alimwona nani? Alimwona vipi?"

Mwanangu, hapo nilikuwa na nafasi. Ningesema sijui. Ni neno fupi, na halikuwa zito mdomoni. Lakini nilimwangalia yule mtoto, roho ikanilegea, nikasema, "Akamwona mamake ameketi kitandani. Amesukwa nywele vizuri. Anacheka na mgonjwa wa jirani."

"Wallahi?"

"Kweli kabisa. Nilisoma nakala nyingine zamani."

Hiyo nakala nyingine haikuwepo. Nilimwona akipumua kwa kina, mabega yakashuka, nami nikafurahi siku nzima. Nilifurahi, mnasikia? Nilirudi nyumbani nikiimba.

Wiki mbili zilizofuata alikuwa akipita kila asubuhi kabla ya kengele. Nyumbani walikuwa wakimwambia mama atatoka karibuni, kila wiki karibuni. Watu wazima tunajua sana kusema hivyo. Akija kwangu hakuwa akiuliza habari za mama yake. Alikuwa akiuliza habari za kitabu. Uji ulikuwa wa nini? Wimbi. Nywele alisukwa na nani? Na muuguzi. Kila siku niliongeza kitu kidogo, mpaka wodi ile nikawa naiona kwa macho yangu, na nadhani naye alikuwa anaiona.

Halafu ikaja siku ya mtihani wa Hisabati, mwisho wa muhula, pepa moja saa tano na nyingine mchana. Kabla ya saa tano alikuja mbio, karatasi ya ruhusa mkononi. Mjomba wake alikuwa amepiga simu ofisini. Hakutaka kumtisha mtoto, kwa hiyo alisema maneno laini: Rukia aje hospitali, lakini kama ana mtihani, basi amalize kwanza.

"Anti, niende sasa ama nifanye pepa kwanza?"

"Mjomba alisema kuna haraka?"

"Hakusema." Akakunja karatasi, akaikunjua. "Yule wa kitabu, alipofika, alimpata ameketi, sivyo?"

"Ameketi," nikasema.

"Anacheka."

"Anacheka. Fanya mtihani, ukienda umpelekee habari njema."

"Basi nitaenda saa kumi." Akanigonga ngumi ya salamu, akaondoka akitembea. Alikuja mbio, akaondoka akitembea. Hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho.

Mama yake alifariki saa nane na kitu, Rukia akiwa bado darasani anapiga hesabu. Alipofika walikuwa wameshamfunika. Shangazi yake alituambia baadaye, tulipoenda na walimu kuwapa pole, kwamba asubuhi yote mgonjwa alikuwa na akili zake timamu na alikuwa akiuliza kila mlango ukifunguliwa, "Ni Rukia?" Sikuweza kunywa chai niliyopewa. Niliishika tu mpaka ikapoa.

Alirudi shuleni baada ya siku nyingi. Aliingia maktabani akaweka kitabu juu ya meza yangu, ni kile kile, lakini si nakala yetu. Alikikuta kwa muuzaji wa vitabu karibu na duka la baba yake, kikiwa kizima. Akakifungua pale chetu kilipokatikia.

"Soma, Anti."

Nikasoma. Alipofungua mlango wa wodi akamwona muuguzi akikunja godoro. Kisha kurasa kumi na moja za msichana akirudi nyumbani na ile chupa ya uji, bado ina moto.

Nilianza kulia. Yeye hakulia. Alinisubiri nimalize kama mtu anayengoja mvua ipungue, halafu akasema kwa sauti ya kawaida, "Ungeniambia haina mwisho, ningeutafuta mwenyewe. Iko pale tu, dakika mbili kutoka dukani kwetu."

Akachukua kitabu chake akaenda. Muhula uliofuata baba yake alimpeleka kwa bibi yake pwani. Ningependa sana, mwanangu, kukwambia kwamba aliniandikia, kwamba alinisamehe, kwamba siku moja tulikutana mjini tukakumbatiana. Unaniona ninavyovutwa na miisho hiyo hata sasa? Hakuniandikia. Sijui yuko wapi wala kama anasoma tena vitabu. Hakuna siku niliyopata kuirudisha ile saa tano ya asubuhi, na nimeacha kujidanganya kwamba kuna kazi nzuri nitakayoifanya itakayoilipia.

Nilimwambia Madam Pushpa mwenyewe, nikidhani atanifukuza. Alizungusha bangili zake moja moja. Kisha akasema, "Kitabu hakikumdanganya huyo mtoto, Mwende. Kilikosa kurasa tu, na kilinyamaza. Kelele ni zako." Akavaa miwani, akanisogezea rundo la vitabu na kalamu nyekundu, akatoka nje. Sikufukuzwa. Nadhani ingekuwa rahisi zaidi kama ningefukuzwa.

Basi sikiliza. Orodha iliyoombwa iko rafu ya chini, upande wa dirisha, na nimefunga uzi wa kijani kwenye kila kimoja. Kuna cha mvulana aliyefeli akakaa nyumbani mwaka mzima akitengeneza baiskeli huku baba yake hamsemeshi. Panya wamekitafuna pembeni lakini maneno yote yapo. Kuna cha dada wawili wanaogombana karibu kitabu kizima, na utakasirika, halafu utaenda kumpigia dada yako simu. Kuna kile chembamba, cha msichana anayemwonea haya mama yake kwa sababu anauza mboga nje ya geti la shule yao. Hicho usikisome ukiwa na watu. Vyote nimevisoma mpaka jalada la nyuma, kimoja baada ya kingine. Vingine vinaisha vibaya. Siwezi kuvirekebisha.

Na shauri langu ni hili, nalitoa bila majivuno kwa sababu nimelipata kwa gharama ya mtu mwingine. Ukiuliza jambo kubwa na mtu mzima akakujibu haraka na kwa tabasamu, mwulize amejuaje. Mwulize kwa heshima, lakini mwulize. Nami niulizeni. Nikiwaambia sijui, msinione nimewanyima. Siku hiyo ndiyo nimewaheshimu. Na ukiitwa hospitali kumwona mtu unayempenda, nenda. Acha kalamu juu ya meza, nenda. Mtihani utafanywa tena hata ukiwa na mvi. Vitabu vinavyotuhusu tukiwa na umri wenu havikuandikwa kutubembeleza tulale. Visomeni vikiwa vizima, na kikikosa kurasa, kitafuteni kizima mpaka mkipate.

Mungu awajalie milango mtakayoifungua mapema, na mkimkuta mtu wenu, awe bado anaweza kutaja jina lenu. Na mkikuta godoro limekunjwa, asiwepo mtu yeyote aliyewaambia uongo njiani. Kwako Rukia, popote ulipo, sikuombi chochote. Amani iwe nawe tu.

Kile kitabu chetu nilikifungia kwenye droo yangu tangu siku ile. Sikukiweka rafuni, sikukitupa. Jana, mlipokwisha kwenda nyumbani wote na walinzi wakafunga geti dogo, nilikitoa. Selotepu niliyoibandika siku ile imegeuka njano, na upande mmoja imebanduka. Nilifungua jalada, nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika: Kurasa za mwisho hazipo. Nikapuliza wino ukauke, nikainama nikakipanga rafu ya chini, pamoja na vingine.