Orodha ya Vitu vya Makaburu

Katikati ya mwaka 1963, Mkuu wa Wilaya ya Kilosa alimwita ofisini kwake karani mmoja aitwaye Melkizedek, akafunga mlango, akamsogezea barua iliyotoka Dar es Salaam. Serikali ilikuwa inajiandaa kuacha biashara na Afrika Kusini. Kabla ya kutangaza, ilitaka kujua kila wilaya inawategemea Makaburu kwa kiasi gani, isije ikakurupuka halafu wakaumia wananchi wake yenyewe.

Melkizedek alipewa wiki sita na bunda la fomu. Kila fomu ilikuwa na safu nne: kitu chenyewe, kinakotoka, nani anakitegemea, na kama kinaweza kupatikana kwingine. Barua ilieleza pia kwamba tangazo likishatoka, meli na ndege za huko hazitapokelewa tena, na mtu aliyeko upande ule atapata taabu kurudi. Mkuu wa Wilaya alimpa karatasi ya kutia sahihi kwamba hatamwambia mtu yeyote.

"Hata mkeo," alisema.

"Sijaoa, mzee."

"Basi hata mama yako."

Mama yake alikuwa ameshafariki. Aliyebaki ni dada yake mmoja, Hildegarda, kule milimani Berega. Melkizedek akatia sahihi.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, mtu mkimya, mwenye mwandiko uliosifiwa boma zima. Kazi ile ilimkaa moyoni. Miaka mitatu nyuma alikuwa amesikia redioni jinsi polisi wa Makaburu walivyowamiminia risasi watu waliokwenda kupinga vipande, zile pasi ambazo Mwafrika alilazimishwa kutembea nazo, wengi wakapigwa migongoni wakikimbia. Siku ile hakula. Sasa aliona amepewa nafasi ya kufanya jambo, hata kama ni kwa kalamu tu.

Akaanza na maduka ya mjini. Akaandika mikebe ya jamu, mablanketi, viatu vya buti, mvinyo. Mwenye duka mmoja, Bwana Kanji, alimfuata nyuma rafu kwa rafu akiuliza kama ni kodi mpya. Melkizedek alimjibu kwamba ni takwimu. Kutoka hapo akaenda kwenye shamba moja la mkonge upande wa Kimamba. Fundi wa korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, alimwonyesha visu vya chuma vilivyokuwa bado na karatasi zake.

"Hivi vinatoka Durban," fundi alisema. "Nikiagiza leo, baada ya wiki tatu viko hapa. Nikiagiza Uingereza ni miezi minne."

"Na visipokuja?"

"Korona inasimama. Ikisimama, watu mia tatu wanakaa chini."

Melkizedek akaandika mia tatu kwenye safu ya tatu. Aliiangalia ile namba kitambo, kisha akakunja fomu.

Wiki ya nne alipanda basi la kupitia Mvumi, akaenda Berega. Pale misheni kasisi alimtolea chupa mbili za divai ya meza ya Bwana, zilizotoka Rasi, huko huko Afrika Kusini. Alipoulizwa wangefanyaje kama zingeadimika, kasisi alisema watachemsha zabibu kavu, na kwamba Mungu hatauliza chupa ilitoka wapi. Melkizedek alifurahi kumsikia. Mchana huo akapanda kilima kwenda kwa dada yake.

Hildegarda alikuwa amemzidi miaka saba. Baba yao Paulo alipokuwa na uwezo wa kumsomesha mtoto mmoja tu, yeye ndiye aliyetolewa darasa la pili ili mdogo wake aingie. Hakuwahi kumkumbusha. Mumewe, Simoni, alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu Johanesbagi mwaka wa hamsini na saba. Kila barua yake ilipofika, ilimngojea Melkizedek aje aisome, na majibu yote Melkizedek ndiye aliyeyaandika. Serikali ilipovunja mkataba wa kupeleka wachimbaji, wenzake wengi walirudi. Simoni hakurudi. Aliandika kwamba ametoka mgodini, amepata kazi mjini kwa karatasi za mtu wa Nyasaland, na kwamba akikamatwa basi tena. Mle ndani ya nyumba hamkuwa na mtoto. Kulikuwa na blanketi zito la rangi ya damu ya mzee, ambalo Simoni alilituma, na Hildegarda alilitumia siku za wageni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Bwana asifiwe, mdogo wangu. Umekonda."

Wakazungumza Kikaguru kama kawaida yao. Akamwekea ugali na maharage. Alipomaliza kula, Hildegarda alitoa barua iliyofika majuma mawili nyuma. Simoni aliuliza: arudi mwisho wa mwaka huu, au akae mwaka mmoja zaidi amalizie mambo ya nyumba? Alikuwa amechoka, aliandika, lakini uamuzi aliuacha kwa mkewe.

Hildegarda akakwangua ukoko wa chungu kwa kijiko.

"Wewe unaonaje?" aliuliza.

Melkizedek akaikunja barua. Angeweza kusema neno moja tu, arudi, bila kutoa sababu. Lakini alimfahamu dada yake. Angeuliza kwa nini, naye hakuwahi kumdanganya. Akaiwaza ile sahihi. Akawaza kwamba siri ikitoka kwa mtu mmoja, kesho iko Kimamba, keshokutwa wenye mali wamejaza maghala, na wiki sita zote zimepotea bure. Hayo yalikuwa kweli. Ilikuwa kweli pia kwamba aliogopa kufukuzwa kazi.

"Mume ni wako, dada," alisema. "Amua wewe."

"Basi andika. Mwambie nyumba inavuja kila masika. Mwambie ajikaze mwaka mmoja, akirudi tuezeke mabati, tusiondokeane tena."

Akaandika. Hakukosea hata herufi moja, na hilo ndilo lililomsumbua baadaye kuliko yote. Aliandika kwa mwandiko ule ule mzuri, akaisoma barua kwa sauti, dada yake akaitikia kwa kichwa. Kesho yake aliitia posta Kilosa kwa mkono wake mwenyewe, pamoja na bahasha ya fomu za serikali.

Tangazo lilitoka kabla mwaka haujaisha. Watu walishangilia mjini, na Melkizedek alishangilia pamoja nao. Mwezi uliofuata alimwandikia Simoni barua ya pili, kwa jina lake mwenyewe, akimsihi aanze safari mara moja kwa njia yoyote. Barua ile haikujibiwa. Wala nyingine tatu.

Korona ya Kimamba ilivunjika visu mwezi wa Machi, ikasimama wiki kumi na moja. Visu vya kutoka Ulaya vilifika mwishowe, kazi ikaendelea, ingawa siyo wote waliokaa chini walirudishwa. Mkuu wa Wilaya alimpongeza Melkizedek kwamba orodha ya Kilosa ilikuwa safi kuliko nyingi. Akapandishwa cheo.

Mwisho wa mwaka 1964 alisikia kwamba kuna mtu aliyetoka Johanesbagi anafanya kazi ya barabara Mikumi. Akapanda treni kwenda kumtafuta. Alimkuta kambini anafua nguo, mtu mrefu aitwaye Gabrieli, aliyepita Bechuana, Botswana ya leo, kwa miguu na kuingia Zambia kwa kificho.

"Simoni ninamjua," Gabrieli alisema. "Tulilala chumba kimoja. Nilipoanza safari nilimwita, nikamwambia twende wote, baadaye itakuwa vigumu zaidi. Akakataa. Alisema mke wake amemwandikia akae mwaka mmoja, na mwaka haujaisha."

"Yuko wapi sasa?"

"Nilipokuwa bado mpakani nilisikia walifanya msako wa karatasi mtaani kwetu. Zaidi ya hapo sijui, ndugu yangu. Nisikudanganye."

Melkizedek alimshukuru, akarudi stesheni. Berega alipeleka habari nusu: kwamba Simoni alionekana akiwa mzima. Nusu ya pili aliificha miaka kumi.

Mwaka 1974 serikali ilipohamishia watu katika vijiji vya ujamaa, Hildegarda alikataa kushuka kutoka kilimani. Majirani zake wote walikwenda. Mgambo walimpa siku tatu, wakisema watabomoa nyumba. Ofisi ya wilaya, ikijua udugu wao, ikamtuma Melkizedek akamweleweshe.

Alimkuta amekaa mlangoni anachambua mbaazi. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi.

"Simoni anaijua nyumba hii," Hildegarda alisema kabla hajaulizwa. "Nikihama, akija ataniulizia kwa nani?"

Ndipo Melkizedek alipomwambia. Alimweleza juu ya fomu, na sahihi, na kwamba siku ile anaandika barua alijua njia inafungwa. Akamweleza na maneno ya Gabrieli, yote. Hakujitetea kwa kutaja siri ya serikali. Alisema tu kwamba alijua na akanyamaza.

Hildegarda alichambua mbaazi mpaka zikaisha ungoni.

"Ungesema arudi, nisingekuuliza kwa nini," alisema. "Ingetosha kwamba ni wewe umesema."

Akaingia ndani, akaanza kufungasha vyombo. Jioni hiyo alishuka kijijini kwa miguu, ungo kichwani, akakataa kubebewa mzigo.

Huko kijijini alijiandikisha katika darasa la elimu ya watu wazima. Mwalimu wake, Mama Perpetua, alimsifu kwamba anashika haraka kuliko waliomzidi ujana. Melkizedek alipokuja Krismasi alimpokea vizuri, akampa kiti, akampikia, akaitikia shikamoo yake. Lakini toka siku ile ya mbaazi hakumwita tena mdogo wangu. Mbele za watu na faraghani alimwita Bwana Karani, bila hasira yoyote katika sauti, na Melkizedek aliitika.

Simoni hakurudi, wala habari zake hazikupatikana. Melkizedek alistaafu akabaki Kilosa mjini, na kila mwaka safari zake za Berega zilipungua.