Chaneli Iliyokuwa Kimya

Nilifundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, na kitu kimoja kilichobaki kunikera mpaka leo ni mtu anayejua jambo halafu akakataa kulieleza. Mtoto akiuliza kwa nini, unamjibu. Kama hujui, unasema sijui. Nilipostaafu nikarudi kwetu Bukundi kulima pamba na mahindi, nilidhani habari za kubishana na watu nimezimaliza darasani.

Shida yetu kule ni tembo. Wanatoka porini kundi zima, na ekari mbili kwao ni kama bakuli la uji. Mtandao wa simu unashika ukipanda kilimani tu, kwa hiyo mwenye shamba la mbele akiwaona hana namna ya kumtahadharisha wa nyuma isipokuwa kupiga mayowe. Tulikuwa na kikundi cha wakulima kumi na wawili, mimi nikiwa katibu. Nikapendekeza tununue simu za upepo, zile za mkononi wanazotumia walinzi. Wakakubali, wakanituma Bariadi.

Mwenye duka karibu na stendi alinitolea sita zikiwa kwenye maboksi yake. Nilimwuliza tutazungumzia chaneli ipi. Akawasha moja, akaanza kuzungusha na kusikiliza. Ya kwanza ilikuwa inakoroma. Ya pili kulikuwa na watu wanaelekezana habari za magunia. Akaendelea hadi akafika kwenye moja iliyokuwa kimya kabisa, akaiacha hapo kama dakika tano huku akihudumia wateja wengine.

"Mwalimu, hii hapa," akasema. "Haina mtu."

Akaziweka zote sita kwenye chaneli hiyo. Nilimshukuru sana.

Wiki tatu tulikula raha. Tembo wakitokea upande wa korongo, mashamba yote yanajua kabla hawajafika. Tulikuwa tunawapokea na madebe na moshi wa pilipili, wanageuza. Halafu asubuhi moja nikiwa napalilia, gari la polisi likasimama barabarani. Wakashuka askari wawili, wakauliza katibu ni nani.

"Mnaingilia masafa ya polisi," mmoja akaniambia.

"Masafa gani, afande? Sisi tunazungumza habari za tembo."

Walipita kwa wenye simu wote, wakakusanya sita, wakaniandikia karatasi ya kwenda kuripoti kituoni.

Kituo chenyewe ni mbali, ni kupanda bodaboda, halafu gari. Siku ya kwanza kijana wa kaunta alinisomea kosa langu: kutumia masafa yenye leseni bila kibali.

"Nimekuelewa," nikasema. "Ila naomba unieleze. Hayo masafa yana kazi gani hasa, mpaka mtu asiweze kuyatumia yakiwa hayana mtu?"

"Mzee, yale yana leseni."

"Leseni ya nini?"

"Ya masafa."

Nilihisi kama namfundisha mtoto anayerudia swali badala ya kujibu. Akaniambia niandike barua ya maelezo. Nikaandika. Safari ya pili barua ikakataliwa kwa sababu haikuwa na muhuri wa kijiji. Safari ya tatu nilikuja na muhuri, mhusika akawa hayupo. Nilipita pia kwenye ofisi nyingine mjini, nikamwuliza bwana mmoja aliyevaa tai swali lile lile. Akacheka, akasema, "Mzee wangu, upepo wa siku hizi nao una wenyewe." Nikatoka bila kuaga.

Katikati ya hayo, Jumamosi moja alasiri, tembo waliingia shamba la mjane mmoja wa kikundi chetu. Sisi wa nyuma tulisikia habari wamekwisha kuondoka. Alikuja kwangu, akasimama mlangoni na bua moja la mahindi mkononi.

"Mwalimu, zile simu ziko wapi?"

"Mayu, mama yangu, bado nafuatilia."

"Unafuatilia mpaka lini?"

Swali hilo liliniuma kuliko karatasi ya polisi.

Safari ya nne nilifika kaunta nikiwa nimejaa hasira. Yule kijana alipofungua tu mdomo, nilipandisha sauti mbele ya watu. "Simu mnaweza kubaki nazo! Nataka mtu mmoja tu katika jengo hili anieleze kwa nini!"

Mlango wa nyuma ukafunguka. Akatoka mama mmoja mwenye cheo cha sajini, miwani imening'inia shingoni. "Shikamoo, mwalimu. Twende hapa nje."

Tulikaa kwenye benchi kivulini. Alikuwa mtu wa chumba cha mawasiliano, anayepokea askari wakiita kutoka barabarani. Hakuanza na sheria. Aliniuliza, "Siku ya mnada wa mwisho kabla simu hazijachukuliwa, saa nane mchana, mlikuwa mnazungumza nini?"

Nilikumbuka mara moja. Tembo hawakuwepo siku ile. Mwenzetu mmoja alikuwa amenunua fahali, anatusimulia pembe zake na rangi yake, na sisi tunamtania. Kisha akabonyeza kitufe cha kuzungumzia akasahau kukiachia.

"Ni fahali mweupe mwenye baka begani," sajini akasema. "Najua. Nilimsikia yeye tu kwa karibu nusu saa."

Saa ile ile, gari la abiria lilikuwa limepinduka kwenye daraja la chini. Askari aliyekuwa pale hakuwa na mtandao, alikuwa na redio tu. Aliita gari la wagonjwa, akaita tena. Chaneli ile ni kama mlango mwembamba, akanieleza, anapita mtu mmoja kwa wakati. Wawili wakibonyeza pamoja, mmoja anamfunika mwenzake. Mwishowe askari alimtuma mtu wa bodaboda akatafute mtandao. Mama mmoja aliyevunjika mguu alilala juani muda wote huo.

"Alipona?"

"Alipona. Lakini nilimsikia akilia kupitia redio ya askari, pale kitufe kilipoachiwa na fahali wenu akanyamaza kidogo."

Nilimwambia kwamba dukani chaneli ilikuwa kimya, tulidhani haina mtu.

"Ilikuwa kimya kwa sababu sisi tunanyamaza," akasema. "Tunaiacha wazi ili anayepata shida asikike. Leseni ndiyo inayowaambia wengine wote wakae mbali nayo."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Lakini hasira haikuondoka, ilizidi. Maneno yale yalichukua robo saa, na mimi nilikuwa nimeyatafuta mwezi mzima. "Kwa nini sikuambiwa hivi siku ya kwanza?"

Akavaa miwani yake, akaivua. "Waliokuja kwenu waliambiwa wakusanye simu. Mimi ndiye niliyekuwa redioni, na mimi hakuna aliyeniuliza."

Alinielekeza namna ya kuomba masafa yetu wenyewe kwa mamlaka inayoyagawa. Nilipoitisha mkutano na kuwasimulia wenzangu, yule mwenye fahali alitabasamu. "Kumbe alisikika mpaka kituoni?" Watu wakacheka. Nikawaeleza habari za yule mama juani, kwa ukali, kuanzia mwanzo, na yule bwana akainamisha kichwa.

Fomu zilirudishwa mara mbili. Kibali kilitoka tukiwa tumeshavuna kilichobaki. Simu tulizorudishiwa ni tano, na moja haishiki chaji. Nilizipeleka tena Bariadi ziwekewe namba iliyoandikwa kwenye kibali. Mwenye duka alipotaka kuijaribu kwa kusikiliza kwanza kama ina mtu, nilimshika mkono, nikamsomea ile namba tarakimu moja baada ya nyingine.