Kanga Niliyotunzwa Mbele ya Mama Riziki

Mie aibu nimezipata nyingi maishani, lakini hii hata leo nikiikumbuka nikiwa peke yangu najiziba uso kwa viganja, na tafadhali msinicheke mapema, subirini tufike, maana pa kucheka papo na pa kunyamaza papo.

Mnanijua nilivyo. Mwalimu Mhina, Mbondei wa Muheza, mkuu wa idara ya lugha kwenye shule yetu ya sekondari hapa Tanga, mtu wa kuingia darasani kwa Kiingereza na kutoka kwa Kifaransa, na njiani namsalimia muuza kahawa kwa Kiarabu cha kuungaunga (Kidigo nacho nakijua, ila zaidi cha matusi). Lugha sita nilikuwa nahesabu, na kila mgeni lazima azisikie. Kwa wanafunzi nina maneno yaleyale kila siku: lugha ni ajira, lugha ni mlango, mjifunze muingie kwa watu.

Sasa tukaandaa Siku ya Lugha. Wazazi waalikwe, watoto waghani na kuigiza, na meneja wa hoteli moja ya Raskazone aje awaeleze kwa nini anatafuta vijana wanaojua lugha na hawapati. Wiki mbili kabla, akaja ofisi ya walimu binti wa kidato cha tatu, Riziki, ambaye ndiye alikuwa wa kwanza kwa lugha zote tunazofundisha na ndiye angepewa zawadi kubwa. Akatuamkia, tukaitikia, akamgeukia mkuu wa shule.

"Madam, mama yangu ni kiziwi. Kila mahali mimi ndiyo namsemea. Hospitali mimi, kwa mwenyekiti wa mtaa mimi, hata kikao cha wazazi, mwalimu akinisema vibaya mimi ndiyo namwambia mama, akinisema vizuri naona haya, naruka. Siku hiyo naomba apatikane mtu mwingine. Nataka nikae tu, niwe mtoto."

Madam akasema shule ya msingi ya jirani ina kitengo cha watoto viziwi, pale kuna mwalimu anaijua lugha ya alama barabara, atampigia simu aje akalimani. Yalikuwa yamekwisha hapo, jamani. Yamekwisha kabisa! Lakini mie, mkuu wa idara ya lugha, niletewe mtu kutoka nje anifunike kwenye siku yangu mwenyewe? Nikanyoosha mkono.

"Madam, usijisumbue. Mie nipo."

Uongo haukuwa wote. Nilishawahi kwenda semina ya siku tatu ya lugha ya alama, miaka kadhaa nyuma, na siku ya tatu nikatoroka baada ya chai. Nilichobaki nacho kilikuwa herufi, salamu, asante, na hiyo chai yenyewe. Riziki akanitazama kwa furaha mpaka nikainamisha macho. "Wewe kaa tu," nikamwambia, "mengine niachie mie." Nikajipa moyo kwamba nitajifunza kwenye simu, wiki mbili si haba, na hizo wiki mbili zikaenda na mitihani, harusi ya shemeji, na mambo mengine ambayo hata sasa siwezi kuyataja moja baada ya jingine.

Siku ikafika. Maturubai yamefungwa uwanjani, watu wamejaa, washindi wamekaa jukwaani, na kiti cha mbele kabisa kakaa Mama Riziki, buibui jipya, mkoba mapajani. Ni fundi cherehani wa Chumbageni, sare za nusu ya shule kashona yeye, na mtaani (niseme tu, maana nimeshaanza kuvuliwa nguo) watu walimwita Bubu, hata mie niliwahi kumwelekeza mtu "kwa yule fundi bubu" wala sikuona neno. Nikasimama pembeni ya Madam. Yule mama akanikazia macho, hakupepesa. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtu mwingine kusimama amwambie habari za mwanawe.

Madam akaanza kwa salamu, nikaipatia. Mama Riziki akatabasamu. Madam akashukuru wazazi, nikashukuru. Moyo ukapanda, nikasema kumbe mie nimo! Kisha Madam akaingia kwenye "mustakabali wa taaluma na ustawi wa jamii", na hapo ndugu zangu akiba ikaniishia. Nikaanza kubuni. Taaluma nikapanda ngazi. Ustawi nikauotesha kama mnazi, kuanzia chini hadi juu. Mustakabali nikauzungusha mikono miwili juu ya kichwa nikamalizia na kiuno, na hicho kiuno naapa sijui kilitokea wapi.

Mjue wazazi wengi pale walikuwa hawajaona mkalimani wa alama maishani mwao. Wakadhani ni mchezo, umo kwenye ratiba. Na pwani yetu mnaijua, mtu akinengua hadharani vizuri haachwi hivihivi, lazima atunzwe. Bi Mwanjaa, mzazi mmoja hodari wa ngoma, akapasua kigelegele huko nyuma, "Mwalimu weee! Kumbe una mambo!" akaja anajongea kwa madaha mpaka mbele, akavua kanga begani, akanifunga kiunoni. Wakafuata wenzake wawili, mmoja kanichomeka asumini sikioni. Fundi wa muziki kuona vile, naye akafungulia ngoma ya chakacha.

Hapo ndipo ningeweza kusimama nikasema jamani samahani, hii siyo ngoma, nilitakiwa kukalimani na sijui. Maneno machache tu. Lakini nikaona nimepata pa kujificha, maana ikishakuwa ngoma nani atajua kwamba sijui? Nikacheza. Ndiyo, mie, mtu mzima na ndevu zangu, nikacheza, na kusema kweli nikacheza vizuri.

Madam, aliyekuwa amefika kwenye zawadi ya Riziki, naye akadhani akina mama wanamshangilia binti, akapaza sauti kwenye kipaza sauti juu ya muziki: "Katika miaka yangu yote ya ualimu sijaona mtoto aliyelelewa kama huyu! Na aliyemlea yupo hapa. Mama Riziki, simama tukuone!"

Watu wote wakageuka kumtazama. Mama Riziki hakusimama. Angesimamaje? Aliyetakiwa kumwambia alikuwa anakata kiuno na kanga ya watu. Yeye alichokiona ni mwalimu wa mwanawe anafanyia mzaha mikono, mikono ambayo yeye ndiyo anazungumza nayo, halafu watu wanacheka, halafu kicheko hicho kinamgeukia yeye. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akavuta mtandio usoni akainama. Hapo nikaacha kucheza.

Riziki akashuka jukwaani. Akanipita bila kuniangalia, akapiga magoti mbele ya mama yake, akaanza kumweleza kwa mikono, na muziki ukazimwa, na uwanja mzima ukawa unamtazama mtoto aliyeomba siku moja tu ya kukaa. Madam akarudia ile sifa yote kwa upole. Maneno yalikuwa mengi, lakini mikono ya Riziki ilisema kidogo mno ikatulia. Nilimuuliza baadaye, alimwambia nini. "Nilimwambia nimepata zawadi," akasema. "Hayo mengine ningeyasemaje mwenyewe, mwalimu? Mtu hajisifu. Na kusimama nisingemwambia, kashaona watu wanamcheka." Kisha akalia.

Nikaenda kwa Madam nikakiri kila kitu. Akasema, "Mhina, lugha sita zote hizo, umeshindwa kusema sijui?" Basi. Afadhali angenifokea.

Wiki iliyofuata nikaenda kwa yule mwalimu wa shule ya msingi, yuleyule niliyemkwepa, nikamwomba anifundishe jambo moja tu, jinsi ya kuomba radhi. Nikalifanyia mazoezi mpaka mke wangu akadhani nimerogwa. Jumamosi nikaenda Chumbageni, barazani kwa Mama Riziki, nikasimama mbele ya cherehani nikaomba radhi kwa mikono. Akaniangalia weee. Kisha akasogeza kigoda kwa mguu, akaninyooshea kidole nikae, akanishika vidole vyangu kimoja kimoja akavirekebisha, maana hata radhi yenyewe nilikuwa nimeikosea.

Ndivyo nilivyopata mwalimu. Kila Jumamosi nikawa pale, na ni mwalimu mkali, nikikosea ananichapa na futi ya kupimia nguo, wateja wanacheka na yeye anacheka, kicheko chake kumbe kina sauti nzuri sana na miaka yote sikuwahi kuisikia. Shuleni tukaanzisha somo la lugha ya alama baada ya vipindi. Walikuja wawili, leo darasa halitoshi, mmoja anataka uuguzi, mwingine anasema akiajiriwa bandarini hakuna kiziwi atakayelazimika kumwandikia kwenye kikaratasi. Riziki hafundishi wala hakalimani. Tumemkataza. Na Chumbageni sasa watoto wakipita wanamwamkia Mama Riziki kwa mikono, wala lile jina sijalisikia siku nyingi.

Lakini moyoni nilikuwa na deni la maneno. Yale ya Madam niliyaandika jioni ileile, karatasi ikakaa kwenye waleti mpaka ikachakaa mikunjo. Sikutaka kuyasema nikiwa nababaisha. Juzijuzi, baada ya miezi mingi ya kuchapwa futi, nikaona sasa naweza. Alikuwa anashona sketi ya shule, Riziki kakaa mkekani anakula embe, katulia zake. Nikamgusa mama bega, akasimamisha cherehani. Nikamwambia polepole: siku ile, mkuu wa shule alisema katika miaka yake yote ya ualimu hajaona mtoto aliyelelewa kama huyu.

Akaniambia nirudie. Nikadhani nimekosea, nikarudia kwa uangalifu zaidi. Akaniambia tena. Nikamtupia jicho Riziki anisaidie, Riziki akatikisa kichwa, mdomo umejaa embe, macho yamejaa machozi. "Umepatia, mwalimu. Anataka tu kuyaona tena."

Nikarudia mara ya tatu, nikamalizia na kile kilichobaki: na akasema, mama yake asimame tumwone.

Mama Riziki akaweka mkasi chini. Akapangusa nyuzi mapajani, akaweka sawa mtandio wake, akasimama. Pale barazani, mbele yetu sisi wawili. Riziki akanyanyua mikono akaitikisa hewani, ndivyo viziwi wanavyopigiana makofi, na mie niliyeapa kwamba sinyanyui tena mkono kwa jambo nisilolijua, nikanyanyua yote miwili.