Mtungi Uliosikiliza Ndoto za Samira

Hanifa wa Mbugani anauza mchele, na akishikia bango jambo haliachi mpaka liombe msamaha lenyewe. Ni jirani yangu, nampenda, lakini ndivyo alivyo. Safari hii alizishikia bango simu.

Ilianza kwa huzuni. Binti yake Samira, wa darasa la pili, alikuwa na kawaida ya kumsimulia ndoto zake kila asubuhi. Ni desturi waliyoachiwa na bibi yake Samira, aliyefundisha kwamba ndoto mbaya haisemwi, na njema haambiwi mtu ila anayekupenda. Basi Samira alikuwa akiamka, hata uso hajanawa, anakwenda kujikunja mapajani kwa mama yake jikoni. Anasimulia ziwa lilivyotoka ufukweni kwake Matema usiku, likapita kati ya mpunga bila kuulaza, likasimama mlangoni kuomba uji. Mvua inapiga bati, moshi unatambaa, mtoto anaongea taratibu. Hanifa aliniambia hakuna alichokipenda duniani kuliko saa ile.

Kisha ndoto zikakoma. Samira akawa anaamka kimya, anakunywa uji, anaomba simu atazame katuni.

"Hizo katuni zimemlia ndoto zake," Hanifa aliniambia, machozi yakimlengalenga. "Mwanangu yumo humu ndani, lakini simpati."

Ndipo akabuni dawa. Siku ya soko alikwenda kwa Mama Atuganile, mfinyanzi wa kabila la Wakisi anayeleta vyungu kutoka ufukweni, akataka mtungi wenye mdomo wa kupitisha simu. Kila siku baada ya magharibi, simu zote za nyumba zingelala humo mpaka alfajiri, pamoja na yake. Alichagua kama tunavyochagua sote huku, anagonga mmoja mmoja kwa kidole huku ametega sikio, maana wenye ufa hukwaruza na mzima hulia kama kengele. Akachukua uliolia vizuri kuliko yote.

"Huu utakuimbia, mama," Atuganile alimwambia.

"Ndaga fijo," Hanifa akashukuru, akaubeba kichwani mpaka nyumbani.

Na kweli ukaimba. Jioni ya kwanza mteja alipiga simu, mlio ukazunguka mle ndani ukatoka mnene, nyumba nzima ikavuma. Samira akalaza shavu kwenye ule udongo, akafumba macho, akaomba ulie tena. Mimi nilivuka ua kwenda kusikiliza, nikacheka mpaka Hanifa akaninunia. Kuanzia hapo akawa anazizima simu kwanza.

Nyumba ikatulia. Samira alichora sakafuni kwa mkaa, alisikiliza vyura wa majarubani ya mpunga, alilala mapema. Ila ndoto hakusimulia. Hanifa akaanza kukata tamaa.

Asubuhi moja ya ukungu alikuwa ameshaitoa simu yake, kwa kuwa wateja wa Mbeya huagiza mchele mapema, naye husoma ujumbe wao huku anakoroga uji. Akasikia mnong'ono sebuleni. Samira alikuwa amepiga magoti, midomo yake imegusa ukingo wa mtungi, anausimulia ndoto. Ndotoni alikuwa ndege mweupe, amelala juu ya maji, na maji yalikuwa na joto la blanketi, yanampeleka yenyewe. Mtungi ulimrudishia kila neno kwa sauti nzito ya upole.

"Samira, mbona unauambia mtungi?"

"Unaitikia," mtoto akasema.

"Na mimi je?"

Samira akafikiri. Hakuwa na hasira. "Nilianza kukuambia ile ya ziwa kuoa mlima. Ukasema, ngoja mwanangu, nimjibu mteja. Nikangoja. Na ile ya samaki pia nilingoja. Bibi alisema anaambiwa anayekupenda, sasa mimi nikaona labda..."



Nyani haoni kundule, na siku nyingine yoyote ningemtania Hanifa kwa hilo. Siku ile hapana. Aliniambia mwenyewe kwamba alikaa sakafuni, simu ingali inatetemeka mkononi. Akaiweka chini, akaisukuma mbali.

"Nisimulie hiyo ya ndege, mama yangu. Simjibu mtu."

Samira alimtazama kwa huruma, kama anayemtazama mgeni aliyekuta chakula kimekwisha.

"Hiyo nimeshaimaliza, Mama. Ndoto inasimuliwa mara moja."

"Na kesho?"

"Sijui kama nitaota."

Kutwa nzima Hanifa alikuwa dukani, anapima mchele na kukosea, anamwomba Mungu mwanawe aote.