Mibofyo Iliyokuwa Ikingoja

Nilimvunja mwenye karakana mkono kwa bomba la chuma, asubuhi kweupe, mbele ya watu, na kama ningepata bomba zito zaidi ningelitumia hilo. Nasema mapema ili asiyependa habari za namna hii aende zake. Mimi ni mtu wa kompyuta. Naandika programu zile za dirisha na vitufe, mtu anabofya hapa, kitu kinatokea pale. Watu hudhani kazi hii ni ya wapole wenye miwani. Miwani ninayo. Upole mama yangu aliukatia tamaa zamani kule Kisumu, kila nilipomletea nyumbani mzazi wa mtoto niliyempasua mdomo.

Karakana yenyewe iko Katwe, mjini Kampala, kule bondeni, ambako nyundo hazinyamazi na ukitaka kumwambia mtu jambo lazima umpigie kelele sikioni. Walikuwa wanatengeneza makarai. Palikuwa na mashine kubwa ya kukandamiza, ndefu kuliko mtu, inayosukumwa na mafuta. Unaweka bati bapa, chuma kizito kinashuka, kikipanda unatoa karai. Mashine ilikuja imetumika kutoka ng'ambo, na kuiendesha unatumia kompyuta iliyo mezani kando yake. Dirisha moja, vitufe vitatu: Shuka, Panda, Simama. Niliitwa niikague programu hiyo.

Mwenye karakana alikuwa mwanajeshi mstaafu, na wote walimwita Afande. Huyo bwana alikuwa hasemi mara mbili. Mara ya kwanza anasema, mara ya pili anarusha kitu kilicho karibu. Siku yangu ya kwanza niliona spana ikipaa juu ya kichwa cha fundi na kutoboa ukuta wa mabati, na yule fundi akaenda kuiokota na kumrudishia kwa mikono miwili, kama anampa chai. Hasira zilinipanda pale pale, na kazi yangu ilikuwa haijaanza.

Aliyekuwa akiendesha mashine ni mwanamke, binti wa askari polisi kutoka kaskazini, aliyekulia kambini. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kama cha Afande. Mimi Luganda changu kinaishia kwenye salamu na matusi, kwa hiyo sisi watatu tulielewana kwa Kiswahili.

"Dada," aliniambia, "hii mashine nashuka yenyewe. Mimi sibonyezi, yeye nashuka. Nikimwambia Afande, nasema mimi nalala kazini."

"Alikusema tu?"

Akashika shavu.

Nikafungua programu. Aliyeiandika alikuwa ameshakwenda Dubai, na ni heri yake. Ndani ya tukio la kubofya Shuka alikuwa ameandika hivi: amuru chuma kishuke, kisha kaa hapo hapo usubiri mpaka kifike chini, kisha kipandishe, ndipo uondoke. Ala! Wakati wote ule wa kusubiri, dirisha zima limeganda. Ukibofya, halikujibu. Lakini kutokujibu siyo kusahau. Ni kama yule muuza chapati na mayai wa pale kona, mwenye kikaango kimoja. Ukimpigia kelele mara tano kwa haraka zako hainui kichwa, halafu anakukaangia chapati tano. Mibofyo yote inapanga foleni. Programu ikimaliza ya kwanza inachukua inayofuata, na haijui kwamba wewe umeshabadili nia. Na ukibofya Simama, hiyo nayo inaingia nyuma ya foleni.

Yule dada hakuwa analala. Mashine ilikuwa inatii mibofyo ya zamani, na mkono wake ndio ulikuwa unaingia mle ndani kila karai.

Nikaandika upya. Chuma kishuke wakati kidole kimeshikilia mausi tu, ukiachia kisimame palepale. Na Shuka ikishabofywa ijizime isipokee kingine mpaka chuma kiwe juu. Nilijaribu mpaka nikaridhika, nikamwita Afande. Alitazama karai moja likitoka, uso ukamkunjamana.

"Hii nachelewa. Mtu atashikilia mausi siku nzima kama anashikilia mtoto?"

"Ndiyo, Afande. Ndivyo mkono wake utakavyobaki."

"Makarai nangojewa bandarini Port Bell leo. Rudisha ile ya zamani."

"Sirudishi."

Akanikamata kola ya shati, akanivuta mpaka nikanusa tumbaku. Nikamzaba kofi. Karakana nzima ikanyamaza, hata nyundo, na Katwe hilo ni jambo la ajabu. Halafu akacheka, jamani, akacheka meno yote nje.

"Mukenya iko na mkono kama ya askari!" Akanisukuma pembeni, akafunga programu yangu, akafungua ya zamani mwenyewe. Nilikuwa sijaifuta.

Yule dada akaninong'oneza, "Wacha, dada. Atakufukuza." Akavaa glavu yake, akaweka bati, akabofya Shuka.

Chuma kikaanza kushuka polepole, maana mafuta yalikuwa bado baridi. Afande hakuwa na subira hiyo. Akampokonya mausi, akaanza kugonga Shuka, ta-ta-ta-ta-ta, kwa hasira zake za kofi langu, huku anatukana mama wa kompyuta. Nilimwambia aache. Nilisema kwa Kiswahili, nikasema kwa Kiingereza, nikasema hata kwa Kijaluo. Chuma kikafika chini, kikapanda. Karai likaonekana linang'aa, na yule dada akapeleka mkono kulitoa kama anavyofanya kila siku.

"Toa mkono!" nilipiga ukelele.

Hakuwahi. Chuma kilishuka, hakuna aliyegusa kitu, kikaushika mkono juu ya ukingo wa karai. Nilisikia sauti, sitaki kuieleza. Palikuwa na kitufe chekundu cha hatari kwenye mashine yenyewe, lakini Afande alikuwa amekifunga kwa waya, akidai wafanyakazi wanakitumia kupumzikia. Nikakimbilia ukutani, nikaivuta swichi kubwa. Mashine ikazimika, chuma kikasimama palepale kilipo, na mkono ndani.

Karai lile ndilo lililomwokoa kwa muda, lilikuwa limejikunja na kushikilia uzito. Damu ilikuwa inatiririka kwenye glavu mpaka kiwikoni. Na kompyuta, kwa kuwa umeme wa Kampala unajulikana, ilikuwa na betri yake chini ya meza. Haikuzimika. Dirisha lilikuwa limeganda vilevile, bado linangoja chuma kifike chini, na nyuma yake foleni yote ya Afande.

"Washa!" yule dada alikuwa analia. "Washa, Afande! Panda! Nifungulie, Mungu wangu, washa!"

Nani asingemsikia? Mtu amebanwa, kitufe cha Panda kiko pale, kinachokosekana ni umeme. Afande akakimbilia swichi. Mafundi wakampisha. Wote walikuwa wanapiga kelele, washa, washa, banange, washa! Ni mimi peke yangu niliyejua kwamba umeme ukirudi chuma kitamalizia safari yake ya chini, kisha kitapanda, kisha kitashuka tena, na tena, na hiyo Panda yenu ingengoja nyuma kabisa.

"Afande, usiwashe! Itashuka!"

"Toka!"

Nilisimama mbele ya swichi. Akanipiga ngumi ya sikio, nikaona giza, nikaanguka juu ya rundo la mabomba. Nilipoinuka moja lilikuwa mkononi mwangu. Yeye alikuwa ameshika mpini wa swichi. Nikapiga kigasha kwa nguvu zangu zote, kikavunjika, nikasikia. Akageuka kunishika kwa mkono mwingine, nikampiga goti, akaanguka. Fundi mmoja akanirukia mgongoni, nikamng'ata. Nikatambaa mpaka chini ya meza, nikang'oa waya za betri, kompyuta ikafa na foleni yake yote.

"Leteni jeki!" nilisema. "Jeki ya gari! Mnatazama nini?"

Wakaleta. Tukalegeza vali ya mafuta kwa spana, tukakiinua chuma kwa jeki, kidogo kidogo, yule dada akiwa ameuma kofia ya mtu ili asipige kelele. Mkono ukatoka. Tukampandisha Mengo hospitalini kwa boda, mimi nyuma yake nimemkumbatia, damu yake na ya sikio langu kwenye shati moja. Mkono haukukatwa. Vidole viwili havikunji hadi leo.

Afande akanishtaki. Polisi walinilaza ndani, na sikulalamika, maana kumvunja nilimvunja. Kilichoniuma ni kingine. Yule dada alipohojiwa hospitalini alisema ukweli alioujua: nilikuwa naomba washa, Afande alikuwa nakuja kuniokoa, huyu dada akampiga. Nilisomewa maneno hayo nikiwa nimeketi sakafuni. Nililia, na mimi silii ovyo.

Nikamwambia ofisa wa zamu, "Kompyuta ipo. Mashine ipo. Twendeni."

"Twende tukafanye nini?"

"Tukawashe."

Sijui kwa nini alikubali, labda alichoka na mdomo wangu. Tukateremka Katwe. Afande alikuwa kwenye kiti, mkono kwenye plasta. Yule dada alikuja na bandeji mpaka kiwikoni, akasimama mbali nami, hakunisalimia. Nikaomba glavu yake ya mkono wa pili, ile nzima. Nikajaza muhogo mbichi, kipande kila kidole, nikailaza juu ya karai jipya.

Nikakaza vali ya mafuta, nikarudisha waya za betri, nikafungua programu ya zamani. Nikabofya Shuka mara moja.

"Afande," nikasema, "gonga kama siku ile."

Akamtazama ofisa. Ofisa akatikisa kichwa kumkubalia. Basi akagonga kwa mkono wa kushoto, na chuki yake yote ilikuwa mle. Chuma kilipoigusa glavu nikavuta swichi, kikasimama, kimeibana kama kilivyombana yule dada. Nikamwambia Afande abofye Panda, akabofya. Kisha nikasogea ukutani.

"Dada," nikamwita. "Siku ile ulisema washa. Njoo uwashe wewe."

Alikuja polepole. Alishika mpini kwa mkono wake mzima, akanitazama usoni, akausukuma.

Chuma hakikupanda. Kilishuka. Karai likasalimu amri, muhogo ukapasuka, maji meupe yakaturukia hadi miguuni. Kikapanda, nikasikia mtu anavuta pumzi akidhani imekwisha, kikashuka tena. Hakuna aliyekuwa karibu na meza. Kikashuka tena. Ofisa alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango. Tena. Tena. Sauti ilikuwa ileile moja, na yule dada alikuwa ameibana bandeji kwapani.

Ilipokwisha chuma kilibaki juu, kimya. Ile Panda ndipo ilipofikiwa.

"Mimi ndiye nilisema washa," alisema, bila kumwambia mtu.

Nilitaka kumshika bega, nikashindwa. Akaenda mwenyewe kwenye mashine. Alikata ule waya uliofunga kitufe chekundu, akautupa chini. Halafu akaibandua ile glavu, imekuwa bapa kama bati, inachuruzika, akavuka nayo karakana mpaka kwenye kiti cha Afande. Tulidhani atampiga, hata ofisa hakusogea kumzuia. Hakumpiga. Aliiweka juu ya mapaja yake, akainyoosha kidole kwa kidole.

"Vaa, Afande."