Kikohozi cha Tatu

Miaka tisa nimeishi uwanja mmoja na baba mkwe wangu hapa Bujonde, Kyela, na sura yake sikuijua. Msicheke. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto hamtazami baba wa mumewe. Hakai naye, hakatizi mbele yake, na jina lake halitaji. Siku hizi wengi wameacha. Wazee wanaitwa, zawadi inatolewa, mwiko unafunguliwa, maisha yanaendelea. Yeye alikataa. Alimwambia mume wangu, Lugano, kwamba hana kitu kingine cha kunipa, basi anipe heshima hiyo. Na mimi nikaona afadhali, maana kwa mdomo wangu huu, tungekula meza moja tungegombana kila siku ya Mungu.

Kwa hiyo nilimjua kwa masikio. Akikaribia kona ya migomba, anakohoa. Kikohozi cha kwanza, najua anakuja. Cha pili, naacha ninachofanya, naingia migombani na kugeuza mgongo. Cha tatu ni cha kuniambia ameshapita, nirudi kwenye shughuli zangu. Hata kama nimeinjika wali, ndivyo ilivyokuwa.

Kitu kingine nilichokijua ni ile "Ndaga Kyala!" yake, yaani asante Mungu. Loo, mzee yule alikuwa anashukuru! Siku moja mnyororo wa baiskeli yake ulikatika barabarani, akafika nyumbani anapiga kelele za furaha kama mtu aliyeoza binti. Umekatika wapi? Mbele ya banda la fundi baiskeli! Ungekatika kule Ikolo, je? Muujiza huo. Siku nyingine alitamani samaki tangu asubuhi, mchana akapita mtu anatoka Mwaya kule ziwani, akaomba maji ya kunywa, akaacha mbasa mzima. Muujiza. Kila Jumapili wakati wa ushuhuda anasimama, na mimi nimejibanza nyuma ya nguzo kule mwisho, nasikia kanisa zima linacheka na kusema amina. Watu wakamwita Mzee Ndaga.

"Baba yako akipigwa na jua anashukuru, akinyeshewa anashukuru," nilikuwa namwambia Lugano. "Muujiza gani wa mvua kunyesha Kyela? Ingenyesha Dodoma ningemwelewa."

Lugano alikuwa anacheka tu. Lakini mimi sikuwa nacheka, na sababu ninayo.

Mwaka wa tatu wa ndoa yangu nilijifungua mtoto wa kike, hakulia. Nilitokwa na damu nyingi, hata mimi mwenyewe walikuwa wameshanikatia tamaa. Yule mtoto walinionyesha mara moja tu kabla hawajamfunga kwenye kitenge. Paji pana, na nyusi zimekutana katikati. Hakufanana na mimi, hakufanana na Lugano. Nikabaki najiuliza mwanangu sura hiyo kaitoa wapi. Walimzika jioni ile ile, nyuma ya nyumba. Nimelala chumbani sina hata nguvu ya kulia, nikasikia kule nje, ng'ambo ya ukuta, sauti ya baba mkwe: "Ndaga Kyala. Ndaga fijo."

Mtoto yuko shimoni, mtu anashukuru, tena anashukuru sana! Tangu siku hiyo nilimheshimu kwa kanuni tu. Chakula nilipika, maji ya kuoga nilipeleka mpaka mlangoni. Moyoni nilikuwa nimeshamfungia mlango. Na mtoto mwingine sikupata.

Basi, mwaka jana mwezi wa tano, Lugano alikuwa shambani kwenye mpunga, mimi nageuza kakao juani. Nikasikia kikohozi. Kikafuata cha pili. Nikaingia migombani, nikageuza mgongo, nikasubiri.

Cha tatu hakikuja.

Nikasema, leo amekutana na muujiza gani tena hapo kwenye kona? Nikasubiri. Wingu likaja, matone yakaanza, kakao yangu ya siku nne iko mkekani inalowa, na mimi nimesimama kama mgomba kati ya migomba, nasaga meno. Nilimsema vibaya siku ile, sifichi. Nilisimama mpaka nguo ikanata mgongoni. Ndipo nikasikia mtu anakoroma, mkoromo mzito, na haukutoka kwenye nyumba.

Nikageuka. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye tope, baiskeli juu ya miguu yake. Muda wote ule niliokuwa nasubiri apite, mzee wa watu alikuwa chini.

"Yesu wangu, nimemuua," nilisema kwa sauti.

Nilivua khanga nikamfunika kichwa, hata wakati ule bado naogopa kumwona. Kisha nikakimbilia barabarani nikamsimamisha Ezekiel wa bodaboda. Gari ungelipata wapi saa ile? Tukapanda mshikaki: Ezekiel mbele, mzee katikati, mimi nyuma. Ile khanga niliyomfunika nikaizungusha kiunoni kwake na kiunoni kwangu, nikakaza fundo. Mtu ambaye sikuwahi kugusa hata kikombe akiwa amekishika, leo mgongo wake uko kifuani kwangu mpaka Kyela mjini. Wanawake wa sokoni walishika midomo. Nikasema washike tu.

Hospitali tukapokewa na nesi mmoja mwenyeji wa Bukoba, anaitwa Dorothea.

"Jina la mgonjwa?"

Nikamgeukia Ezekiel.

"Dada, jina la mgonjwa nani?"

"Ni baba wa mume wangu."

"Sawa, lakini ana jina?"

"Analo."

Alinitazama kama mwehu. Ezekiel naye, alipoulizwa, akasema Mzee Ndaga. Dorothea akaweka kalamu chini. "Jamani, na huyu ni kiharusi, tunachelewa! Mimi niandike nini?"

"Gwamaka," nikasema. "Gwamaka Mwakalukwa." Halafu nikalia, mbele ya foleni nzima.

Siku mbili hakufumbua macho. Lugano alikuja, tukapokezana. Zamu yangu nilikaa kwenye kiti upande wa miguuni, nimempa mgongo, natazama ukutani. Nilikuwa naomba jambo moja tu: asife. Asife kabla sijamwambia kwamba nilisimama pale muda mrefu. Nyumbani nilikokwenda kuoga palikuwa kimya, hakuna anayemshukuru mtu yeyote kwa chochote. Jogoo aliwika, nikajikuta nasubiri aseme neno juu ya jogoo.

Asubuhi ya tatu Dorothea akaja na faili, akanisogeza kando taratibu.

"Dada Lucy, nitakuambia ukweli. Amefumbua macho, anatusikia. Ila mkono wa kulia sidhani kama utarudi. Mguu, tutaona. Kusema kwake itakuwa kwa shida. Pole sana."

"Ndaga Kyala!" nikasema. "Ndaga fijo!"

"Umenielewa lakini?"

"Nimekuelewa. Mkono umekwenda, yeye amebaki."

Nikajisikia nilivyosema. Nikakaa palepale sakafuni. Maana siku ile ng'ambo ya ukuta mtoto alikuwa amekwenda, na mimi nimebaki. Ilikuwa mimi. Miaka sita nimemchukia mzee kwa kunishukuria mimi.

Dorothea alidhani nimezidiwa, akaenda kunitafutia maji. Ndipo kitandani kikasikika kikohozi. Dhaifu, kama cha mtoto. Kikaja cha pili. Hana mkono, hana ulimi, na bado ananionya kwamba anataka kugeuka, niondoke asinivunjie heshima.

Sikuondoka. Nikasimama, nikafuata upande wa kichwani, nikageuka.

"Shikamoo, baba," nikasema. "Ni mimi, Lucy. Nisamehe, nilisimama migombani nikasubiri cha tatu."

Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande, haukutoa neno. Jicho moja likatoa machozi, akanyanyua mkono wa kushoto akaushika wangu. Nikamtazama vizuri, mara ya kwanza katika miaka tisa. Paji lilikuwa pana, na nyusi zimekutana katikati.