Stendi ya Pikipiki ya Marehemu

Mpaka leo, mwanamume akiniambia chuma si kazi ya kina mama, hasira hunipanda upya. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea kuisha, tukiishi Kaloleni, na mume wangu alikuwa na miezi mitatu tu kaburini. Aliniachia pikipiki kuukuu ya Kiingereza, iliyoundwa kabla ya uhuru. Stendi yake ya pembeni ilikuwa imechoka: ukiiegemeza, mguu unapinda polepole, pikipiki inalala chini.

Shemeji, kaka yake marehemu, aliitolea macho tangu matanga. Alisimama mbele ya ukoo mzima akatangaza ataniachia kwa huruma, lakini ikianguka hata mara moja ataichukua, maana mwanamke hawezi kutunza mashine. Huruma gani hiyo, jamani? Nilikuwa nikishona sare za shule, na nilishajifunza kuiendesha ili nizipeleke mwenyewe. Ndiyo iliyokuwa inilishe.

Nikaisukuma hadi Shauri Moyo, kwa fundi wa kuchomelea. Nilimweleza taratibu: aweke bamba la chuma ubavuni mwa ule mguu, toka juu hadi chini, lakini asiongeze kitu chini ya wayo. Mguu ukirefuka, pikipiki itasimama wima, na ikisimama wima haina pa kuegemea. Fundi hata hakunitazama. Alichungulia nyuma yangu, kana kwamba kuna mtu anakuja.

“Mama, mwambie mzee aje anieleze mwenyewe.”

Nikamwambia mzee amekufa. Akanipa pole, halafu akafanya alivyotaka. Alichomelea kipande kinene cha chuma papo hapo chini ya wayo, akajisifu kwamba sasa hata ng'ombe akiikalia haitapinda. Kweli, haikupinda. Nilifika nyumbani, nikaisimamisha, nikageuka kufungua mlango, nayo ikaangukia upande wa pili, juu ya karai la jirani lililojaa nguo za kufua. Kabla ya jua kuzama shemeji alikuwa ameshapata habari, na akatuma ujumbe kwamba Jumapili anakuja kuichukua.

Kesho yake nilirudi kwa yule fundi nikiwa nawaka. Sikumpigia kelele. Nilivuta kibao, nikakaa mlangoni pa kibanda chake, nikamwambia hapiti mteja mpaka akate kile chuma nikimwona. Akacheka. Nikakaa. Wateja walipoanza kumuuliza kulikoni, akachukua msumeno. Nilitoa chaki yangu ya kushonea, nikamchorea pale pa kuweka bamba, naye akafuata mstari.

Jumapili shemeji alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, na vijana wawili na kamba. Majirani wote walikuwa nje. Akaitikisa pikipiki, akaisukuma kwa goti, akaisukuma tena. Haikusogea. Akakunja uso, akaniuliza ilikuwaje stendi iwe mbovu miaka yote ile na ndugu yake asiiangushe hata siku moja.

“Kila asubuhi nilitoka kuishika mpaka apande, shemeji. Na kila jioni nilitoka kuishika mpaka aiegemeze ukutani. Ndugu yako alikuwa anaiendesha tu.”

Aliondoka na vijana wake bila kuaga, akasahau kamba. Jumatatu niliitumia kufungia sare nyuma ya kiti.